Gari lililoshushwa hupimwa nyuma, tena likiwa na watu

Mtu anaposhusha gari, macho yake huenda kwanza kwenye uwazi uliopo kati ya tairi na fenda. Kama zamani vidole vinne vilipita na sasa vinapita viwili, huridhika, hupiga picha, na huhesabu kwamba kazi imekwisha. Kwa maoni yangu uwazi huo ni kipimo dhaifu kuliko vyote, kwa sababu hauelezi jambo ambalo ndilo hasa huamua kama gari litapita juu ya tuta kwa utulivu au litagota kwa kishindo, nalo ni umbali ambao tairi la nyuma limebakiwa nao wa kupanda kabla ya mfumo wake kufika mwisho. Umbali huo haukai mahali pamoja. Hupungua kila anapopanda mtu kwenye kiti cha nyuma, kila mzigo unapoingia kwenye buti, na kila tangi linapojazwa mafuta. Ndiyo maana ninashikilia kwamba gari lililoshushwa lipimwe nyuma, na lipimwe likiwa na watu ndani, kabla mwenye gari hajaamua likae kimo gani.

Gari ninalolifahamu kwa karibu ni Toyota Altezza, ambalo lilianza kuuzwa Japani mwaka 1998, likatwaa tuzo ya gari bora la mwaka nchini humo kwa msimu wa 1998–1999, likaendelea kutengenezwa hadi 2005, na baadaye likaenea katika barabara za Dar es Salaam na Nairobi kupitia biashara ya magari yaliyotumika. Linasukumwa na matairi ya nyuma, na kila tairi, la mbele na la nyuma, limeshikwa na mikono miwili, yaani vyuma vinavyoliunganisha na bodi, mmoja juu na mmoja chini. Ni gari lililoundwa kwa ajili ya dereva anayependa kona, na kwa sababu hiyo mengi yake hufika bandarini yakiwa yameshushwa tayari na mmiliki wa kwanza. Huko Japani ukaguzi wa magari hutaka sehemu ya chini kabisa ya gari iwe na angalau sentimita 9 kutoka barabarani, na mtu aliyekwenda kazini peke yake juu ya lami nyororo aliweza kukaa karibu na kipimo hicho bila taabu yoyote. Gari lile lile likifika Mbagala au Kimara hubeba watu watano na mizigo yao, hupita kwenye matuta asubuhi na jioni, kisha mwenyewe hushangaa kwa nini nyuma panagonga. Springi ni zile zile na kimo ni kile kile, ila kazi imekuwa nyingine kabisa.

Ili kuelewa kinachotokea, ni lazima kutenganisha pande mbili za mwendo wa tairi. Gari linaposimama mahali tambarare, tairi lina nafasi ya kupanda, ambayo hutumika linapokutana na tuta au uzito unapoongezeka, na lina nafasi ya kushuka, ambayo hutumika linapoingia shimoni au bodi inaponyanyuka. Jumla ya nafasi hizo mbili imewekewa mipaka na shokapu, kwa kuwa shokapu ina mwisho wake ikijikunja na ina mwisho wake ikijinyoosha. Mtu akiweka springi fupi juu ya shokapu zile zile za kiwandani, gari likashuka milimita 40, jumla hiyo haijabadilika hata kidogo. Kilichofanyika ni kwamba milimita 40 zimeondolewa upande wa kupanda, ambako zilihitajika kila siku, zikapelekwa upande wa kushuka, ambako zilikuwa tayari zinatosha.

Mwisho wa kupanda hauji ghafla chuma kwa chuma, kwa sababu kwenye fimbo ya shokapu huwekwa raba ya kugotea. Katika magari ya zamani ilikuwa kipande cha mpira mgumu. Katika magari ya miaka ya karibuni huwa ni povu gumu la poliyurethani lenye mikunjo kama ya kiwavi, ambalo hujikunja taratibu mwanzoni na kukaza kadiri linavyobanwa. Wahandisi huitumia raba hiyo kama springi ya pili ya dharura, iguswe gari likiwa limejaa au likikutana na pigo kubwa. Gari likishushwa kupita kiasi, raba ya dharura inageuka kuwa springi ya kila siku. Hapo ugumu wa nyuma hauongezeki tena kwa mpangilio; hupanda ghafla katikati ya pigo, na abiria wa nyuma hurushwa kutoka kitini.

Lipo na jambo la hatari zaidi ya kurushwa. Gari linapokata kona kwa kasi, uzito huhamia matairi ya upande wa nje, na tairi la nyuma la nje hupanda ndani ya fenda. Likifika kwenye raba katikati ya kona, nyuma panakuwa pagumu kwa ghafla kuliko mbele, sehemu kubwa zaidi ya uzito unaohama hutua juu ya tairi lile moja, na mshiko wa nyuma hupungua wakati dereva hakutarajia. Kwa gari linalosukumwa na matairi ya nyuma, hasa lami ikiwa na maji, hali hiyo huufanya mkia wa gari ukimbie nje huku usukani ukiwa bado umekatwa. Nimesikia watu wakilaumu matairi yaliyochakaa, na wengine wakilaumu dereva, wakati alama ya mbano mpya kwenye raba ilikuwa inaeleza kila kitu.

Sasa kwa nini nisisitize nyuma, na mbele nipaache? Mbele pana injini, na uzito wake ni ule ule siku zote. Dereva na abiria wa pembeni yake huketi karibu na katikati ya gari, hivyo wanagawana uzito wao kati ya mbele na nyuma. Kiti cha nyuma kipo karibu kabisa na ekseli ya nyuma, buti lipo nyuma yake, na tangi la mafuta mara nyingi lipo chini ya kiti hicho. Lita 60 za petroli peke yake ni takriban kilo 45. Kwa hiyo mbele panabeba mzigo unaotabirika, na nyuma panabeba maisha ya familia nzima. Gari ambalo mbele yake imeshushwa milimita 40 linaweza kuishi vizuri. Nyuma ikishushwa milimita hizo hizo, hesabu inakuwa nyingine.

Tuifanye hesabu yenyewe kwa gari la mfano lenye tabia za aina hii. Tuseme kwamba kabla ya kushushwa, likiwa na dereva peke yake, tairi la nyuma lina milimita 85 za kupanda kabla ya kugusa raba. Tuseme springi ya nyuma ni ya kilo 5 kwa milimita, yaani huhitaji uzito wa kilo 5 ili ijikunje milimita moja, kipimo ambacho Wajapani hukiandika kwenye springi zao. Springi na shokapu haziko juu ya tairi lenyewe. Zimefungwa ndani zaidi kwenye mkono, hivyo tairi likipanda milimita 10, springi hujikunja pungufu, tuseme milimita 7. Uwiano huo wa 0.7 hufanya kazi mara mbili, kwenye umbali na kwenye nguvu, na kwa hiyo ugumu unaofika kwenye tairi hupatikana kwa kuzidisha 5 mara 0.7 mara 0.7, na jibu ni kilo 2.45 kwa milimita. Watu watatu wa kilo 70 na mabegi ya kilo 40 ni kilo 250. Tuchukulie kwamba kilo 200 zimeangukia ekseli ya nyuma, kilo 100 kila upande. Nyuma itazama milimita 41, na zitabaki milimita 44 za kukabili tuta.

Gari hilo hilo sasa lishushwe milimita 40 na liwekewe springi ngumu zaidi, za kilo 6 kwa milimita. Kwenye tairi ugumu unakuwa kilo 2.94. Likiwa na dereva peke yake lina milimita 45 za kupanda, na kwa kweli litatembea vizuri, tena dereva atasifu kona zake. Wakipanda wale wale watatu na mabegi yao, nyuma itazama milimita 34, na zitakazobaki ni 11. Unene wa kidole kimoja.

Milimita 11 zinaonekana kama robo ya 44, lakini athari yake ni kubwa kuliko robo. Uwezo wa springi wa kumeza pigo hukua kwa mraba wa umbali inaojikunja, maana kadiri inavyojikunja ndivyo nguvu yake inavyoongezeka. Ukizidisha ugumu kwa mraba wa nafasi iliyobaki katika hali zote mbili, utaona kwamba gari lililojaa na lililoshushwa limebakiwa na takriban sehemu moja ya kumi na tatu ya uwezo liliokuwa nao likiwa limejaa na halijashushwa, na hiyo ni baada ya kuwekewa springi ngumu zaidi. Likiwa tupu limebakiwa na theluthi. Tofauti hii ndiyo inayowadanganya wengi, kwa sababu gari hujaribiwa na fundi na mwenyewe tu, barabara ya mbele ya gereji, halafu mwenyewe hulichukua akafurahi hadi Jumapili anapowapakia ndugu zake kwenda harusini.

Dawa inayotolewa mara nyingi ni kukata raba ya kugotea, na dawa hii yahitaji uangalifu mkubwa. Ni kweli kwamba raba fupi zaidi huongeza nafasi ya kupanda, na wapo watengenezaji wa springi fupi ambao wenyewe huelekeza raba ifupishwe kwa kipimo maalumu. Hatari ipo kwa yule anayeikata kwa kisu bila kipimo au kuiondoa kabisa. Raba haipo tu kwa ajili ya kumstarehesha abiria; inazuia pistoni isigonge kitako cha shokapu, inazuia tairi lisifike kwenye ukingo wa fenda, na katika magari yenye mikono inazuia drivushafti, ile fimbo inayopeleka nguvu ya injini kwenye tairi, isifike kwenye pembe ambayo viungo vyake havikuundiwa. Shokapu ikianza kugonga kitako, valvu ya chini huharibika, sili ya juu huvuja, na fimbo yaweza kupinda. Mafuta yaliyotapakaa kwenye kopo la shokapu ya nyuma, wakati za mbele ni kavu, mara nyingi ni ushahidi wa jambo hilo.

Kukata springi nako kuna ukweli wake na uongo wake. Springi iliyokatwa duru moja kati ya sita hukaza kwa takriban asilimia 20, kwa kuwa ugumu huongezeka duru zinapopungua, na kwa hiyo si kweli kwamba kukata hulainisha. Tatizo ni kwamba kimo kinashuka kwa kiasi kikubwa kuliko ugumu unavyopanda. Na nyuma, ambako mikono huruhusu tairi kushuka sana, springi iliyokatwa hulegea kabisa gari linaponyanyuliwa kwa jeki. Huzunguka, hutoka kwenye kikalio chake, na gari likitua huweza kukaa upande. Kuipasha springi kwa moto wa gesi ili izame ni vibaya zaidi, kwa sababu chuma hupoteza ugumu kiliotiwa kiwandani na kitaendelea kuzama kila mwezi. Gari ambalo springi zake zimepashwa moto mimi nisingekubali kupanda safari ndefu.

Njia iliyo sahihi zaidi ni koilova, yaani shokapu na springi zilizounganishwa pamoja ambazo kimo chake hurekebishwa, ila hapa pia zipo za aina mbili, na tofauti yake ni muhimu kwa nyuma kuliko kwa mbele. Aina ya kwanza ina kikalio cha springi kinachozungushwa juu na chini kwenye kopo lenye nyuzi. Ukikishusha, gari linashuka, na shokapu inakaa ikiwa imejikunja zaidi, hivyo nafasi ya kupanda inaliwa kama ilivyoliwa na springi fupi. Aina ya pili ina nyuzi pia kwenye kitako, ambapo kopo zima huingia au kutoka kwenye mguu wake wa chini. Kwa aina hii unaweza kushusha gari huku fimbo ya shokapu ikibaki mahali pale pale, na nafasi yake ya kujikunja ikibaki kamili. Hiyo ndiyo ningependekeza kwa yeyote anayebeba watu. Lakini ijulikane kwamba sasa shokapu haitalizuia tena tairi mahali lilipozuiwa zamani. Tairi litapanda juu zaidi ndani ya bodi, na kama raba haikurefushwa kwa kiasi kinachofaa, kitakachogota ni tairi kwenye fenda au mkono kwenye chasisi. Nafasi ya shokapu na nafasi ya tairi ni mambo mawili, na yanapimwa kila moja kwa wakati wake.

Wapo pia wanaokaza kikalio juu ya springi wakiamini kwamba wanaikaza springi yenyewe. Springi ya kawaida yenye duru sawa haibadiliki ugumu kwa kukazwa mapema, mradi uzito wa gari unazidi kiasi ilichokazwa. Kinachobadilika ni kimo na nafasi ya kushuka. Kwa mtu ambaye nyuma inagota, kuzungusha kikalio juu kunasaidia, lakini kunasaidia kwa kuinua gari, na ni vema akubali kwamba ndicho alichofanya.

Sasa niingie kwenye kipimo, ambacho hakihitaji mashine. Nyuma ya Altezza, ukitoa tairi, fimbo ya shokapu huonekana kati ya kopo na ile bati ya kuzuia vumbi. Ukiisukuma bati juu kidogo, unapata sehemu ya fimbo inayong'aa. Ninafunga hapo kamba nyembamba ya plastiki, ile ya kufungia nyaya, ikiwa imekazwa kiasi cha kuteleza kwa nguvu ya kidole, na ninaiteremsha hadi iguse kopo. Gari likitembea, shokapu inapojikunja kopo huisukuma kamba juu, na kamba hubaki pale pale pigo kubwa lilipoifikisha. Ukirudi, umbali kati ya kamba na kopo, gari likiwa limetua chini, ndio uliotumika, na umbali kati ya kamba na raba ndio uliosalia. Kamba ikikutwa imebanwa kwenye raba, au imekatika na vipande vyake vimeng'ang'ania kwenye mikunjo, hakuna haja ya maelezo zaidi. Wakati huo huo tazama raba yenyewe: isiyoguswa huwa na vumbi sawasawa pande zote, na inayoguswa kila siku huwa na pete safi inayong'aa upande wa chini na nyufa ndogo kwenye bonde la kila mkunjo.

Kipimo cha pili ni cha tairi. Pima kwa futi kutoka katikati ya kitovu cha tairi hadi ukingo wa fenda, gari likiwa tupu. Wapakie watu, waketi kama wanavyoketi safarini, ulisukume gari mbele na nyuma kidogo ili mikono ikae sawa, kisha pima tena. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo mzamo wa mzigo. Baadaye, gari likiwa juu ya stendi imara na springi imetolewa, inua mkono kwa jeki taratibu hadi raba iguswe, na upime mara ya tatu. Kutoka kipimo cha pili hadi cha tatu ndiyo nafasi halisi uliyo nayo ukiwa na familia. Ikiwa chini ya milimita 30, mimi huliita gari hilo la mtu mmoja. Wengine watavumilia pungufu ya hapo, hasa wakiishi mahali pasipo na matuta, na sibishani nao. Lakini kwa barabara ninazopita mimi sioni namna ya kushuka chini ya kiwango hicho bila kuumiza gari na watu. Hapo hapo, jeki ikiwa bado imenyanyua mkono, pitisha mkono wako kati ya tairi na plastiki ya ndani ya fenda, na uangalie bomba la ekzosi linapopita karibu na mikono, kwa maana mara nyingi bomba ndilo la kwanza kugusa.

Liko jambo moja linalowasumbua watu wenye koilova nzuri, na halielezwi vya kutosha. Matuta madogo yanayopangwa mfululizo, yale ambayo madereva huyaita rasta, yanaweza kuizamisha nyuma ya gari hata kama nafasi ilikuwa inatosha. Shokapu inapokazwa sana upande wa kujinyoosha, tairi likishapigwa juu haliwahi kurudi chini kabla ya pigo linalofuata. Kila pigo huikuta nyuma ikiwa chini kidogo kuliko pigo lililotangulia, hadi gari linatambaa juu ya raba. Mistari ikiachana mita moja na gari likienda kilomita 50 kwa saa, tairi hupigwa karibu mara 14 kwa sekunde, kiwango kilicho karibu sana na mtikisiko wa asili wa tairi na ekseli yake, ambao kwa magari mengi ni kati ya mara 10 na 15 kwa sekunde. Dereva husikia gari likiwa gumu kama ubao na kudhani kwamba springi ni ngumu mno, halafu huzungusha kitufe cha shokapu kuelekea upande usiofaa. Anayekutana na hali hii alegeze nyuma hatua chache, apite tena mahali pale pale, na asikilize. Mara nyingi gari litaonekana kuwa limepata springi mpya.

Tuta kubwa lina tabia nyingine. Tairi la nyuma la Altezza lipo mita 2.67 nyuma ya la mbele, hivyo kwa kilomita 30 kwa saa linafika kwenye tuta takriban theluthi ya sekunde baada ya la mbele, wakati ambapo pua ya gari imeshaanza kuanguka na bodi inainamia mbele. Miaka ya 1930 mhandisi Maurice Olley, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Cadillac nchini Marekani, alionyesha kwamba gari hutulia zaidi kama springi za nyuma zinacheza kwa haraka kidogo kuliko za mbele, ili nyuma iliyochelewa kuanza iwahi kuifikia mbele. Mtu anayeweka springi ngumu mbele na kuacha nyuma laini kwa sababu abiria wanalalamika anavuruga mpangilio huo: gari litaendelea kubembea baada ya tuta, na mbembeo wa pili ndio utakaogotesha nyuma.

Hata mguu wa dereva una sehemu yake. Wengi wetu hupunguza mwendo hadi matairi ya mbele yavuke, kisha hukanyaga mafuta wakati huo huo. Gari linalosukumwa na matairi ya nyuma likikanyagwa mafuta huketi nyuma, na linaketi sekunde ile ile ambayo matairi ya nyuma yanaanza kupanda tuta, hivyo nafasi iliyokuwa imebaki inaliwa kutoka pande mbili kwa pamoja. Ukisubiri matairi ya nyuma yavuke ndipo ukanyage, utapata milimita kadhaa bila kununua kitu. Breki nayo iachiliwe kabla ya tuta, kwa kuwa gari lililofungwa breki limeinamisha pua, na likiachiliwa juu ya tuta lenyewe nyuma hujiangusha. Katika kipande cha takriban kilomita 50 cha barabara ya Morogoro kwenda Iringa kinachopita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, ambako matuta yamewekwa kwa ajili ya kuwalinda wanyama, dereva mwenye subira ya namna hiyo hufika upande wa pili na shokapu zisizochemka, na mwenye haraka hufika mafuta ya shokapu yakiwa yamelainika kwa joto na gari likibembea.

Nafasi ya kushuka nimeigusa kidogo tu, kwa sababu katika gari lililoshushwa kwa kawaida haikosekani. Inakosekana pale mtu anapoweka shokapu fupi sana pamoja na springi ngumu sana. Hapo gari likiingia kwenye mteremko wa geti kwa pembe, tairi moja la nyuma huning'inia hewani, na gari husimama likiwa linazungusha tairi hilo bure. Hata difu ya Torsen, aina ya difu inayopeleka nguvu zaidi kwenye tairi lenye mshiko, iliyokuwamo katika baadhi ya Altezza, haisaidii sana tairi moja likikosa ardhi kabisa, kwa sababu inafanya kazi kwa kuzidisha mshiko uliopo, na sifuri ikizidishwa inabaki sifuri.

Baada ya kimo kuamuliwa kwa vipimo hivi, kazi ya mwisho ni ya mikono na bushi zake, yaani mipira iliyo kwenye maungio yake, nayo ndiyo inayorukwa na gereji nyingi. Tairi linalokaa juu zaidi ndani ya bodi huinamisha kichwa ndani, na mwelekeo wake wa mbele hubadilika pia. Kulika kwa upande wa ndani wa tairi la nyuma hutokana zaidi na mwelekeo huo uliopotoka kuliko na kuinama kwenyewe. Kwa hiyo alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa matairi, ifanywe baada ya kimo kukamilika, na kama gari hubeba watu mara kwa mara, ifanywe likiwa na mifuko ya mchanga kwenye kiti cha nyuma yenye nusu ya uzito wa abiria wa kawaida. Kabla ya hapo, bolti zote za mikono ya nyuma zilegezwe, gari lishushwe juu ya matairi yake, litikiswe hadi litulie, na ndipo bolti zikazwe kwa kipimo. Bushi za mpira hushikwa na bolti na hazizunguki, zinajipinda tu. Zikikazwa mikono ikiwa inaning'inia kwenye jeki, gari likitua zinabaki zimejipinda muda wote, zinaisukuma bodi juu kwa milimita chache ambazo zitapotea mpira ukishachanika, na kimo ulichopima kwa uangalifu kitakuwa kimebadilika bila wewe kugusa nati yoyote.